Namba Zilizoondolewa

Zimefika leo, paleti nzima,
zimeviringishwa nailoni:
katalogi mpya, kurasa elfu moja mia mbili na nane,
na vipeperushi vinavyoteleza mkononi
kama samaki asiyetaka kununuliwa.
Dereva akachukua saini, akaondoka na haraka yake.
Mvua akaniachia. Hapa Eibar mvua haipigi hodi.

Nimezipanga kaunta, kando ya boksi la fyuzi.
Kwa saa moja hivi
harufu ya wino imeishinda harufu ya grisi.
Kila kitu humo kimenawa uso:
bisibisi zimelala juu ya weupe usio na meza,
keekee hazijawahi kukutana na ukuta,
glavu za volti elfu moja
zimeshikwa na mkono usio na kovu,
mkono wa mtu wa ofisini, naapa,
kucha zimekatwa kwa mkasi mdogo.
Bei zimehamishiwa kitabu kingine, chembamba,
ili zisiharibu picha.

Vijana huanza na drili za betri.
Huzifungulia palepale, kama mtu anayejua mlango wa jikoni,
wakataja ampea kama wanaotaja magoli.
Joanes, mwanagenzi, ameomba nakala mbili.
Ya pili, amesema, ni ya mama yake.
Sikuuliza.

Koldo Azpiroz huja saa nne.
Miaka arobaini na mmoja alifunga makabati ya umeme
katika viwanda vya bonde hili;
vingi siku hizi vinauza fanicha.
Yeye haanzi na vipya.
Huvaa miwani, hulamba kidole,
huanzia nyuma, kwenye faharasa, penye maandishi ya sisimizi,
kama watu wa rika lake wasomavyo matangazo ya vifo.

"Kontakta ya K-63," akasema. "Mwaka jana ilikuwemo."

Mstari wake umebaki, mwembamba, wa kijivu:
imeondolewa, tazama ukurasa 412.

Akakohoa kidogo.
Alizifunga thelathini na mbili, akaniambia,
kwa akina Untzueta, kwenye kiwanda cha kufua vyuma,
majira ya baridi ambayo Maite alikuwa mjamzito.
Akilala alizisikia bado:
tak, moja imeshika,
tak, nyingine imeachia,
na nyundo kubwa inashuka,
hata sahani za majirani zikaijua zamu ya usiku.

Tukafungua 412.
Kilichopo ni kidogo, nusu ya ile, cheupe kama jino la utotoni.
Hakina mlio. Kipeperushi kinajisifu kwa hilo,
kwa herufi nene: KIMYA KABISA.

"Kimya," Koldo akasema, "kabisa,"
akilipima neno
kama apimavyo unene wa waya kwa kidole gumba.
"Sasa fundi atajuaje kama kimekufa?"

Kuna taa, kijani na nyekundu.
Kuna programu ya simu, imeelezwa ukurasa unaofuata.
Nimeuza vitu hivi miaka kumi na tisa, majibu ninayo.
Nikammiminia kahawa.

Akanywa amesimama, macho kwenye picha.
Kisha, kama anayeomba chumvi:
"Garbiñe, ile ya mwaka jana bado unayo?"

Ninayo. Ilikuwa chini ya kaunta,
imeushikilia mguu mfupi tangu Februari.
Nikapiga magoti, nikaivuta.
Jalada limeliwa na unyevu, ndani ni nzima.
Akaipata K-63 bila kutafuta,
akakunja pembe ya ukurasa,
akaitia ndani ya koti, upande usiolowa.
Mpya akaiacha.

Kaunta sasa inainama kuelekea mlangoni.
Fyuzi moja ilianza kuviringika, polepole,
ikapita mbele ya Joanes naye akaitazama tu,
ikaanguka.

Nikachukua kipeperushi,
nikakikunja mara nne,
mara tano,
nikakisukuma chini ya mguu.
Bado hakitoshi. Nikachukua kingine.